Jiwe Kwenye Mashua ya Waasi

Ndugu zangu wa mwaloni, tangu nirudi mmeniuliza mambo mawili, na yote mnayauliza kwa kicheko. La kwanza, mbona niliaga kwa miezi sita nikarudi wiki ya nane. La pili, mbona siku hizi nikipanda mtumbwi nakaa katikati, mahali pa magunia na wagonjwa, mimi niliyeunda nusu ya mitumbwi ya Nansio. Jibu ni moja kwa yote mawili: sijui kuogelea. Sijawahi kujua. Haya, guneni, tazamaneni, mkimaliza tulieni niwape safari yote tangu mwanzo. Mambo ya viza, tiketi na picha za pasipoti nayaruka, hayana utamu hata kwa aliyeyapitia.

Nansio hadi Mwanza

Kwa mgeni atakayeazimwa karatasi hizi, nieleze kwanza desturi ya mjomba wangu Masatu. Kabla mtumbwi wake haujasukumwa majini, yeye akiwa ameshika usukani huuliza kwa sauti, "Nani jiwe?" Asiyejua kuogelea hujibu, "Mimi," akawekwa katikati, ubavuni mwa mwogeleaji hodari. Hakuna kucheka. Ukicheka unateremshwa, hata uwe na harusi ya kuwahi ng'ambo. Mjomba ameuliza hivyo tangu sijaota meno, na mwalo mzima, ufuko wetu wote wa mitumbwi, umemwiga.

Mimi sikuwahi kujibu. Kaka yangu Mafuru alizama nikiwa na miaka mitano, na mama akaapa kwamba mwanawe aliyebaki hatagusa maji kupita magoti. Nikakulia nchi kavu, nikashika tezo na randa, nikawa fundi. Sasa aliyeunda mtumbwi, nani atamshuku kuwa ni jiwe? Mara chache nilizopanda na mjomba, alipouliza nilitazama mawingu nikanyamaza, na tukafika salama. Nimekaa na kimya hicho miaka thelathini na zaidi.

Bwana Nassor ndiye aliyenitoa. Ni mfanyabiashara wa mbao Dubai, wazee wake walitoka Unguja, na alikuja Mwanza kumwona dada yake. Akaletwa kwetu kutazama mashindano, akauona mtumbwi wangu wa watu kumi na wawili ukiwaacha wenzake. Miezi minne baadaye akapiga simu. Kuna hoteli mpya inafunguliwa kando ya maji, na wenyewe wanataka mchezo wa vita vya baharini: watumwa walioasi kule Haiti, katika bahari ya Karibi, wakiishambulia manowari ya Wafaransa kwa mashua za makasia. Anatafutwa fundi wa kuunda mashua moja ya mfano na kuwafundisha watu kuipiga. Nilikubali kabla hajamaliza kueleza.

Siku ya kuondoka mlinisindikiza kivukoni, na mtakumbuka niling'ang'ania kukaa juu ya sanduku la majaketi ya kujiokolea. Mama mmoja wa dagaa aliniomba mara tatu nimpishe aweke beseni lake. Nilikataa mara zote tatu, na nyinyi mkadhani ni kiburi cha mtu anayekwenda Uarabuni.

Mwanza hadi Dar es Salaam, kwa kupitia kuharibikiwa

Basi lilikufa nje kidogo ya Singida, saa sita za mchana. Dereva alisema ni nusu saa. Tulikaa saa saba. Ndege yangu ilikuwa kesho yake alasiri, na kila fundi aliyeingia chini ya basi alitoka na maneno tofauti. Nilikula kuku wa kuchoma mpaka nikachoka na kuku, jambo ambalo sikujua kwamba linawezekana.

Jirani yangu alikuwa mwalimu mstaafu wa historia, mkali kidogo, asiyependa kuona mtu amekaa bure. Nilipomwambia ninakokwenda, akashika kijiti akanichorea Haiti mavumbini. Hawa walikuwa watumwa wa mashamba ya miwa, akasema. Waliwashinda mabwana zao nchi kavu, lakini bahari ilibaki mikononi mwa Wafaransa waliokuwa na meli za mizinga. Waasi hawakuwa na meli. Wakatumia mashua za makasia, wakawa wanamshambulia adui siku upepo unapolala.

Hapo mimi nikamdaka, maana hilo ni la ufundi. Meli ya matanga isiyo na upepo ni nyumba tu. Haigeuki. Mizinga yake iko ubavuni, basi wewe mwenye kasia unaijia kwa nyuma, na haina la kukufanya. Mwalimu alifurahi kama nimefaulu mtihani. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulipenda.

"Hao wengi wao walitoka bara, ndani kabisa, au walizaliwa shambani kwenye miwa. Bahari waliijua kwa minyororo. Unafikiri walipopanda mashua zile wangapi walijua kuogelea?"

Nilimjibu kwamba sijui, nikaenda kutazama kama basi limepona. Lilipona jua linazama, tukalala njiani kwa kuwa mabasi hayakuruhusiwa usiku, na uwanja wa ndege niliufikia zikiwa zimebaki dakika chache, shati limenigandia mgongoni.

Dar hadi Dubai

Kwenye ndege nilikaa na Bi Zuhura wa Tanga, aliyekuwa anarudi kwa madam wake baada ya likizo. Mfanyakazi wa ndege aliposimama kuonyesha namna ya kuvaa jaketi la maji, watu wote waliendelea na simu zao. Mimi peke yangu nilisikiliza kama mtu anayesikiliza hukumu. Alipomaliza niliinama nikapapasa chini ya kiti kuhakikisha kwamba langu lipo.

Bi Zuhura akaniuliza natoka wapi. Nikasema Ukerewe.

"Kisiwani? Basi wewe jaketi la nini, kaka yangu. Mimi ndiye wa kupapasa," akasema, akacheka vizuri tu bila ubaya. Nami nikacheka. Nilikuwa nimepewa nafasi ya kusema kweli kwa mtu nisiyemjua, mahali ambapo haingenigharimu lolote, nikaitupa. Yeye ndiye aliyenigawia nusu ya chapati zake kwa sababu chakula cha ndege kilinishinda.

Tuliposhuka nilizuiwa. Ulikuwa mwaka ule wa Ebola kule Afrika Magharibi, na mimi nilikuwa natoka jasho la woga tangu angani. Walinipima joto mara nne, wakaniuliza mara nne kama nimepita Liberia. Kila nilivyojieleza ndivyo jasho lilivyozidi. Saa mbili zikapita hivyo, mpaka mmoja akachoka akasema yalla, nenda.

Deira

Bwana Nassor alinisubiri nje, kanzu nyeupe, uso wa tabasamu, maneno mengi. Alinipeleka Deira, kwenye vyumba vilivyo juu ya maduka ya jumla, na kwa heshima ya mgeni wa kisiwani akaagiza samaki. Samaki asubuhi, samaki mchana. Nilitamani ugali na maharage kufa kupona, lakini mtu akikukirimu hivyo utamwambiaje?

Kesho yake tukaenda kwa madam, mwanamke Mzungu mrefu aliyesimamia mchezo wote. Hakuwa mbaya. Alizungumza kwa haraka na kuandika huku anazungumza. Mimi Kiingereza changu ni cha kuokoteza, hivyo Nassor alikuwa katikati yetu. Akaulizwa kuhusu mbao, akajibu. Kuhusu siku, akajibu. Kisha madam akaniangalia mimi akauliza jambo fupi, na kabla sijatafsiriwa Nassor akacheka akamjibu mwenyewe.

"Kauliza ati kama wajua kuogelea," akaniambia. "N'memwambia huyu ni samaki. Mtu wa kisiwani kuulizwa hayo si ni kumtukana?"

Alifanya kwa wema. Kwao na kwetu, mgeni uliyemleta unamsifu, na sifa haipimwi kwa rula. Lakini ikaja karatasi yenye visanduku viwili, cha ndiyo na cha hapana, na kalamu ilishikwa na mkono wangu. Nilitia alama penye ndiyo. Kwa hiyo msimlaumu Nassor.

Al Jaddaf

Wiki tano nilifanya kazi kwenye yadi za majahazi, nyuma yangu maghorofa mapya yakipanda juu kila siku. Mafundi wenzangu walikuwa Wahindi, na ingawa hatukuwa na lugha moja tulielewana kwa nyundo. Mashua ilitoka nzuri kuliko zote nilizowahi kuunda, mnisamehe nyinyi wenye mitumbwi yangu. Tumbo lake nililipiga randa na msasa, nikalipaka mafuta tabaka nne, mpaka inzi akitua anateleza. Kumbukeni tumbo hilo.

Meli ya Wafaransa ilikuwa tayari imetia nanga, chombo kizee cha mizigo kilichovikwa mbao na matanga ya bandia. Wafaransa wenyewe walikuwa Waukraine wachezaji dansi wa mahoteli. Mashua ya pili ya waasi ilinunuliwa, na waliopangiwa ni kikundi cha sarakasi kilichozoea mambo ya hatari. Wa mashua yetu walikuwa walinzi kumi na mmoja, Wakenya na Waganda, waliokuwa wamembembeleza arbab wao, yaani tajiri aliyewaajiri, wiki nzima ili awape ruhusa. Kwao ulikuwa mwezi mmoja wa kutosimama mlangoni saa kumi na mbili kila siku.

Wawili niwataje. Wafula, Mkenya wa upande wa Mumias, mlinzi wa duka kubwa, mtu wa mzaha usiokauka. Nilimweka benchi la mbele. Kato, Mganda wa karibu na Jinja, mkimya, mabega mapana. Nilimweka nyuma karibu nami.

Siku ya kwanza majini niliwajua. Karatasi zao zote zilisema ndiyo, kama yangu, lakini jiwe humjua jiwe. Wengi walishika kingo za mashua badala ya makasia. Wafula alikuwa amefunga simu yake kwenye mifuko mitatu ya nailoni na anasali chini chini. Sikusema kitu. Nikawafundisha pole pole karibu na ukingo, na kwa wiki moja wakaanza kupiga kasia kama mtu mmoja. Nilijidanganya kwamba basi yameisha, maana katika mchezo sisi tulikuwa tunapiga kasia tu, tunaizunguka meli kwa nyuma, khalas, basi.

Zikiwa zimebaki siku tisa madam akabadilisha. Mchezo umepooza, akasema. Kwa hiyo mashua yetu itapigwa mzinga wa moshi na kupinduliwa kwa kamba, sote tutaanguka majini, na wale wa sarakasi watapanda melini kulipiza kisasi. Boti la waokoaji litajificha upande wa pili wa meli ili wageni wasilione. Majaketi hayatavaliwa, kwa sababu ni ya rangi ya chungwa na zamani hizo hayakuwepo. Nassor alitafsiri yote hayo kwa furaha.

Nilifungua mdomo niseme. Nikaufunga. Nikisema hawa hawajui maji, wanarudishwa mlangoni kesho. Nikisema mimi sijui, narudi kwenu na aibu yangu. Walinitazama wote kumi na mmoja, wakisubiri mtu wa maji aseme kama jambo hilo ni jepesi. Nikatikisa kichwa kukubali.

Satwa

Ijumaa iliyofuata niliwakusanya Satwa, kwenye hoteli ndogo ya Wakenya, mbele ya ugali na sukuma wiki. Nilikula kwanza mpaka roho ikatulia. Kisha nikawaeleza habari ya mjomba Masatu na swali lake, na jinsi asiyejua anavyojibu bila kuchekwa. Nikawaeleza na yale ya mwalimu wa Singida: kwamba waasi tunaowaigiza walikuwa watu wa miwa, na bahari waliijua kwa minyororo.

Wafula akaacha kutafuna. "Fundi, babangu ni mkata miwa. Mimi hata dam ya ng'ombe sijawahi ingia."

"Basi nani jiwe?" nikauliza.

"Mimi," akasema Wafula. Akafuata mwingine, na mwingine. Kwa jumla walikuwa saba. Kato akasema yeye amekulia mtoni, maji anayajua, na watatu wengine vivyo hivyo. Hakuna aliyecheka. Mmoja alifuta macho akisingizia pilipili. Nami niliyeuliza nikaendelea kukata ugali, na hakuna aliyefikiria kuniuliza.

Tayari nilikuwa na shauri. Deira nilinunua mikeka ya mazoezi, ile ya povu gumu. Sponji la godoro halifai, linakunywa maji na kukushusha. Povu hilo nilikuwa nimelijaribu bafuni kwenye ndoo, nikalifungia nyundo, likaibeba nyundo. Tukalipeleka kwa fundi cherehani wa Kipakistani, mtaa wa pili kutoka hotelini, ashone vipande kati ya vitambaa viwili vya mashati ya waasi. Wangeonekana wanene kidogo, lakini nani amewahi kusema muasi lazima akonde?

Yule fundi cherehani aliwapima saba, mmoja mmoja, vifua na migongo. Alipomaliza akanigeukia na utepe wake mkononi. "Na lako, arbab?"

Mkeka mmoja ulikuwa umebaki, umeviringishwa hapo mlangoni. Watu wote walikuwa wananitazama. Nikamwambia khalas, saba tu, mimi ni fundi. Mpaka leo nikikumbuka utepe ule shingo inapata moto.

Siku zilizofuata niliwafundisha jambo moja zaidi: mashua ikipinduka, Wafula atauliza swali palepale majini, na mawe yatajibu, ili Kato na wenzake wajue waelekee wapi. Tulirudia nchi kavu mpaka Wahindi wa yadini wakawa wanaitikia nasi.

Nyuma ya meli ya Wafaransa

Jaribio la mwisho lilikuwa saa nne asubuhi, siku nne kabla ya wageni. Upepo ulikuwa umelala kweli, maji yametulia kama uji uliopoa. Wakubwa wa hoteli walikaa kivulini. Nilishika usukani, macho kwenye ile kamba ya kutupindua.

Tuliondoka vizuri. Makasia kumi na moja yalizama pamoja na kutoka pamoja, na nilipoigeuza mashua kuifuata meli kwa nyuma nilisahau woga kwa muda. Nilimwona mwalimu na kijiti chake. Nikawafikiria watu wale, wakata miwa, wanaiendea manowari iliyosimama, mizinga ikitazama pembeni, na hakuna kurudi. Nilijivunia watu wangu mpaka kifua kikauma.

Mzinga ukalia. Moshi ukatufunika. Kamba ikavutwa, na mashua yangu niliyoipenda ikainuka upande mmoja ikanimwaga.

Kwanza niliona kijani, halafu giza. Maji ya chumvi yaliingia puani. Miguu ilitafuta chini, hakuna chini. Nilitoka juu mara moja nikaishika mashua iliyolala kifudifudi, na mikono ikateleza. Nikaishika tena, ikateleza tena. Lile tumbo nililolipaka mafuta tabaka nne halikuwa na hata ukucha wa kushika. Nilikwenda chini nikimfikiria mama, na namna alivyokuwa akiniita nitoke majini.

Nilipotoka mara ya pili nikasikia sauti ya Wafula ndani ya moshi. "Nani jiwe?"

"Mimi," akajibu mtu. "Mimi." "Mimi." Walikuwa wanaelea, mashati yamewavimba vifuani, kila mmoja akijibu kama tulivyofundishana. Kato na wale watatu walikuwa wanawafuata huko, mbali nami. Hawakuwa na sababu ya kunitazama, na boti la waokoaji lilikuwa upande wa pili wa meli, halituoni.

"Nani jiwe?" Wafula akauliza tena, kwa sababu nilimwagiza aulize mara mbili.

Mdomo ulikuwa umejaa maji. Miaka thelathini na zaidi ya kuficha, na sasa nilikuwa namwomba Mungu nisikike.

"Mimi," nikasema. "Wafula, mimi."

Aligeuka. Yeye mwenyewe hajui kuogelea, alikuja akiparura maji kama kuku anayechakura, akanikamata ukosi. Shati la mtu mmoja likawa na watu wawili. Lilishuka mpaka kidevu chake kikaingia majini, lakini hakuniachia. Akapaza sauti kumwita Kato. Kato akaja akanishika kwapani, wengine wakashikana mikono na mashati, tukawa mnyororo mmoja mpaka kwenye ngazi ya meli ya Wafaransa, na Mfaransa mmoja wa Ukraine akanivuta juu kwa nywele.

Kutoka ufukweni nikasikia makofi. Madam alikuwa amesimama, anapiga makofi juu ya kichwa, na wakubwa wote wa hoteli wanapiga naye.

Nassor alinikuta gatini ninatapika. "Kafurahi sana, bwana. Ataka vivyo hivyo siku ya wageni, khasa wewe unavyozama. Asema wazama kama kweli."

"Mwambie sijui kuogelea."

Akanisogelea tusisikiwe. "Usijivunjie heshima, Fundi. Na mimi n'shasema."

"Mwambie, Ami Nassor."

Akaenda akazungumza naye, maneno marefu. Madam akanitazama kwa huruma, akajishika bega lake mwenyewe akilipapasa. Nikajua ameambiwa nimeumia bega. Nikasimama, maji yananichuruzika, nikamwendea na Kiingereza changu cha kuokoteza. Nikamwambia: mimi, kuogelea, hapana. Karatasi ile nilidanganya. Nikaonyesha mashua kwa kidole, nikasema tena hapana.

Tabasamu lilimtoka pole pole. Akawageukia wale walinzi akawauliza kitu, na Wafula akainua mkono. Kisha wakainua wote saba, mashati yao manene yakidondosha maji.

Al Jaddaf hadi Nansio

Madam alikasirika, na alikuwa na haki. Alisema ningeweza kumfanya muuaji bila yeye kujua. Lakini siku zilikuwa nne, na hapakuwa na watu wengine Dubai nzima waliojua kupiga kasia pamoja. Akaifuta ile habari ya kupinduka, akaagiza majaketi ya rangi ya udongo kwa wote kumi na mmoja, na nafasi yangu akampa Kato. Walibaki. Mimi nikaambiwa khalas, mtu aliyedanganya karatasi ya usalama hawezi kubaki. Mngekuwa nyinyi mngesema nini? Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia hapo.

Nassor alinipeleka uwanja wa ndege bila kusema neno, jambo ambalo kwake ni ugonjwa. Mlangoni akanipa tende za kuwapelekea nyumbani, akaniuliza, "Kwani mimi n'gekuuliza faragha, ungesema kweli?" Nikafikiri. Nikamjibu hapana. Akatikisa kichwa, akanikumbatia.

Kwenye ndege nilipapasa tena chini ya kiti, safari hii bila kujificha. Basi la kurudi halikuharibika hata kidogo. Video ya usiku wa wageni niliipata Mwanza, nikisubiri kivuko. Wafula ndiye aliyeituma. Taa zote za hoteli zinawaka, meli imesimama bila upepo, na mashua yangu inakuja kwa nyuma, kimya, Kato usukanini, makasia kumi kama moja. Kabla hawajaondoka gatini anasikika mtu akiuliza kwa Kiswahili, na saba wanajibu mbele ya wageni wote. Nililia pale kivukoni mbele ya wauza dagaa, na sioni haya kuwaambia.

Jumapili ya kwanza nilipanda na mjomba Masatu, wengi wenu mlikuwepo. Akashika usukani akauliza, nami nikasema, "Mimi, mjomba." Mlidhani ni mzaha wa mtu aliyetoka ng'ambo. Mjomba aliwateremsha wawili kwa kucheka, akanionyesha katikati, akasukuma.

Jioni nilikwenda kwake kumweleza yote haya niliyowaandikia. Alikuwa anamenya mihogo, hakuinua macho mpaka nikamaliza.

"Basi kwenye mtumbwi wangu wewe ni wa pili kujificha," akasema.

Nikamwuliza wa kwanza ni nani.

"Miaka arobaini nimeshika usukani, Bwire. Umewahi kusikia mtu akiniuliza mimi?"

Ameniruhusu niliandike hili, na amesema yeye mwenyewe hana nguvu ya kulitamka kwanza. Kwa hiyo kuanzia Jumapili swali litaulizwa na aliyekaa mbele, wala si aliyeshika usukani, na tutasubiri mjomba ajibu ndipo tusukume. Anayejijua hawezi kujizuia kucheka, abaki mwaloni.